Hormuz imefika Nyegezi

Jumatano ya kwanza ya mwezi mnaijua wenyewe. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakishatoa bei kikomo ya mafuta, mtaani husalimiwi bure.

Nimetoka Nyegezi, hapa Mwanza, nimechomekea vizuri, nikamwendea kijana wa bodaboda kijiweni. "Mwangaluka." "Mwangaluka, mzee. Nauli ya mjini imeongezeka mia tano."

Nikauliza kwa utulivu wa mtu mwenye cheo: kwa nini?

"Hormuz, mzee."

Nikadhani ni jamaa anayemdai. Kumbe mlango wa bahari kule Ghuba, zinakopita meli za mafuta! Kijana akazima pikipiki, akavua helmeti, nikajua nimeyataka. Mafuta yote tunaagiza nje, tunalipa kwa dola, meli inashusha Dar, halafu lori linapanda zaidi ya kilomita elfu moja kuja kwetu na lenyewe linakunywa dizeli njia nzima. Kweli tupu. Hata jedwali la EWURA Mwanza tuko juu ya Dar.

"Sawa. Hayo ya kwenye tenki umejaza lini?"

"Jana."

"Kwa bei ya jana?"

"Mzee, nikikubeba kwa bei ya jana, kesho nitajaza na nini?"

Fundi viatu akacheka. Nikakaza tai. "Na mwezi ule bei iliposhuka, mbona nauli haikushuka?"

"Ile haijafika huku."

"Imekwama wapi?"

"Labda Singida."

Watu wakaanza kujaa. Mama wa dagaa akasema fungu lake nalo limepungua, injini za mitumbwi si zinatumia petroli? Huyo nikamwelewa. Ila mama wa mchicha, anayelima nyuma ya nyumba yake na kubeba kichwani, naye akasema mafuta yamemgusa! Mama, mchicha unajaza lita ngapi? "Baba, na mimi nanunua dagaa." Nikalipa mia tano. Ningefanyaje, jamani? Nimechelewa, jua linawaka, na kijana ndiyo kwanza anataka kuanza habari za shilingi na dola.

Gesi tunaambiwa ifikapo 2034 asilimia 80 tuwe tunapikia nishati safi. Mtungi ninao, mtupu, umevikwa kitambaa cha kufuma. Gesi asilia yetu ya Songo Songo inachimbwa tangu 2004 lakini haiingii humo. Ya mtungi nayo inakuja na meli. Basi mkaa. Umeme nao, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, nashukuru sana, ila LUKU yangu, mita ya kulipia kabla, inapiga kelele usiku kucha kama inadai mahari.

Na shemeji yangu wa Geita amesikia bomba la mafuta la Hoima, Uganda, linapita mkoani kwao kwenda Tanga, kilomita 1,443, akaniuliza watachotea wapi. Shemeji, ni ghafi, yanakwenda kuuzwa nje! Hasikii. Ameshanunua madumu ya njano kwa ile hela niliyomkopesha ya mbegu. Nimempigia tangu asubuhi, hapatikani. Dada yake anasema nisimsumbue, yuko kwenye mradi.