Desemba 9 bila gwaride: tumeokoa nini?

Wiki chache baada ya kuapishwa mwaka 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru. Shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco–Mwenge, Dar es Salaam, na Desemba 9 ikawa siku ya usafi. Kipindupindu kilikuwa kimelibana jiji, na Rais mwenyewe akaonekana akizoa taka. Tulishangilia. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alizifuta: shilingi milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule 8, na wananchi wakaambiwa kutakuwa na midahalo.

Hoja hii ni ngumu kuipinga. Nani atasimama kutetea posho, mahema ya wageni waalikwa na mafuta ya misafara mbele ya mtoto asiye na pa kulala? Tatizo ni kwamba ukiifuata mpaka mwisho, hakuna sherehe ya taifa itakayosalimika, mwaka wowote. Isitoshe, barabara na mabweni ni kazi ya bajeti, na bajeti tunayo kila mwaka. Bweni linalongoja gwaride lifutwe ndipo lijengwe, mwenye kesi si gwaride.

Wakenya wameshika njia nyingine. Tangu 2016 Sikukuu ya Madaraka, Juni 1, ya kukumbuka Kenya ilipopata serikali ya ndani, imekuwa ikihamia kwenye kaunti, na mwenyeji hubaki na kitu. Kisumu ilipata uwanja mpya kule Mamboleo mwaka 2021. Bungoma mwaka 2024 ikakarabatiwa ule wa Kanduyi. Hapo sherehe yenyewe imekuwa mradi. Sisemi ni dawa. Kaunti ziko 47. Hata zikizungushwa sikukuu mbili kwa mwaka, Madaraka na Mashujaa, ya mwisho itasubiri zaidi ya miaka 20. Na umati una hatari zake: Kericho, siku ya Mashujaa ya Oktoba 2023, watu wanne walikufa kwa kukanyagana wakigombea kuingia uwanjani.

Pamoja na hayo, naelemea upande wa Kenya. Mdahalo wa ukumbini huwavuta maofisa na wanafunzi waliopangiwa kuhudhuria. Mama lishe hafungi genge lake kwenda kusikiliza mada. Kwenye halaiki, kwata na ngoma za mikoani anakwenda, tena na watoto, na haulizwi kadi ya mwaliko. (Kukaa juani saa nne akisubiri hotuba ndefu ni jambo jingine, na hilo linarekebishika bila kufuta chochote.)

Basi sherehe ziende Kigoma, Mtwara, Bukoba, kwa zamu. Mahema ya wakubwa yapungue, hotuba iwe moja, na hesabu za matumizi zitangazwe kabla ya Krismasi.