Ukimya wa Darasani: Utamaduni au Cheo?

Mkufunzi anamaliza kueleza utaratibu mpya wa kuzima mtambo. Mbele yake wamekaa wafanyakazi 20 waliotoka nchi saba. Anauliza, "Mmeelewa?" Wote wanaitikia. "Kuna swali?" Kimya. Wiki inayofuata mtambo unazimwa kwa utaratibu ule ule wa zamani.

Hapo ndipo wanaoendesha mafunzo kazini hugawanyika. Wapo wanaosema tatizo ni utamaduni: katika darasa lile kuna watu waliolelewa wakijua kwamba kumuuliza mwalimu swali ni kumwambia hakufundisha vizuri, kwa hiyo kila kundi lishonewe mafunzo kwa vipimo vyake. Wengine wanajibu kwamba mtambo haujui pasipoti ya mtu. Utaratibu ni mmoja, mafunzo yawe ya aina moja, na anayeanza kuwapanga watu kwa asili zao ameshaanza kuwabagua, hata kama nia yake ni njema.

Upande wa kwanza una hoja nzito, na nadharia yenyewe ya elimu ya watu wazima inawasaidia bila kukusudia. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeieneza dhana ya andragojia, yaani namna ya kuwafundisha watu wazima, alieleza katika maandishi yake kwamba mtu mzima hujifunza tofauti na mtoto: anataka kujua sababu, anakuja na uzoefu wake, na anapenda kujiongoza. Mawili ya kwanza sijaona mtu akiyabishia sana. Hilo la tatu lina harufu ya mahali lilipozaliwa. Mtu aliyesoma miaka yote kwa kunakili ubaoni, ukimwambia "jigaweni, jadilianeni, mtafute jibu lenu wenyewe", anaweza kuona mkufunzi hakujiandaa na anakwepa kazi yake. Knowles mwenyewe alilegeza kamba baadaye. Katika toleo la 1980 la kitabu chake hakuziweka tena njia ya kufundisha watoto na ile ya watu wazima kama mahasimu, bali kama ncha za mstari mmoja, na akakubali kwamba hata mtu mzima anayekutana na jambo geni kabisa huhitaji kushikwa mkono.

Aliyewapa wakufunzi namba za kushika ni Mholanzi Geert Hofstede. Alichambua madodoso zaidi ya 100,000 ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama kwa vigezo kadhaa. Kimoja kinapima ni kwa kiasi gani watu wa chini wanakubali kwamba mkubwa ni mkubwa. Colombia ilipata 67, Uholanzi 38. Wakosoaji hawakukawia: wafanyakazi wa kampuni moja wanawakilishaje taifa zima? Swali hilo ni la haki. Lakini dosari inayonikera zaidi ni matumizi ya alama hizo. Wastani wa nchi haumwelezi mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti, na mkufunzi anayeingia darasani na jedwali mkononi ameacha kuwatazama watu.

Tuchukue mifano miwili kutoka kwenye urubani, kazi ambayo makosa yake huchunguzwa neno kwa neno.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Watu 73 walikufa. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanawaishia, ila neno "dharura" hakulitamka. Mfano huu hutajwa mara kwa mara kama ushahidi wa utamaduni wa unyenyekevu, na alama ya 67 inaonekana kuukubali. Lakini rekodi ya sauti ina jambo linaloharibu mpangilio huo: rubani mkuu alimwagiza msaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie wako katika dharura, naye akajibu kwamba ameshawaambia. Je, ni unyenyekevu, au ni mtu aliyeamini kwamba maneno yake ya Kiingereza yalibeba uzito ambao hayakuubeba? Ukimya ni ule ule, sababu mbili.

Sasa Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Ndani ya ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, mhandisi aliuliza kama ile nyingine, ya Pan Am ya Marekani, ilikuwa imeshaondoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Hakuna aliyeuliza tena. Wote walikuwa Waholanzi, watu wa alama 38. Rubani yule mkuu, tena, alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake. Jedwali lingetuambia kwamba chumba hicho kitajaa ubishi.

Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, ninaposikia kimya darasani sianzi na utamaduni. Naanza na cheo: nani amekaa nyuma akiandika? Kama msimamizi yumo, mfanyakazi wa taifa lolote hupima swali lake kabla ya kuliuliza, kwa sababu anayemtathmini anamsikia. Kisha lugha. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, alikuta walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu; waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitolea kusema. Hao walikuwa watoto. Mtu mzima anayetafsiri kichwani, swali kwenda na jibu kurudi, sekunde moja itamtosha nini?

Upande wa utamaduni, hata hivyo, haujashindwa. Aibu ya kukosea mbele ya wadogo zako ni kitu halisi, na uzito wake kweli hautofautiani kwa tabia ya mtu peke yake. Mwenye umri mkubwa akisahihishwa hadharani na kijana, huenda siku hiyo asijifunze kingine chochote. Wanaodai mafunzo ya aina moja husahau pia kwamba "aina moja" haikushuka mbinguni: ni desturi ya darasa ya mahali fulani iliyopewa jina la kawaida.

Kinachopaswa kubaki kimoja ni kipimo. Mtambo uzimwe kwa hatua zile zile na kila mtu. Njia ya kufika hapo iwe na milango kadhaa: maswali ya kuandikwa bila jina, vikundi vidogo vinavyojadili kwa lugha yao kabla ya kurudi kwenye lugha ya wote, na badala ya "mmeelewa?", kila mmoja aoneshe kwa mikono yake. Milango hii haihitaji kujua nani katoka wapi. Ina gharama: somo la saa moja linakuwa la saa mbili, na mwajiri anayehesabu saa za uzalishaji ana haki ya kulalamika, ingawa mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilishasisitiza mwaka 2010 kwamba mafunzo yasiyoeleweka kwa mfanyakazi, kwa lugha au kwa msamiati, hayatimizi matakwa yake.

Urubani nao ulijifunza jambo ambalo darasa la kazini bado linalikwepa. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wasaidizi kusema, na marubani wakuu wakaketi nao kwenye mafunzo yale yale, wajifunze kusikia. Viwandani na maofisini, msimamizi kwa kawaida haitwi. Hutumiwa orodha ya waliohudhuria.