Kubisha kutoka Kisumu: katikati ya ghuba au ufuo wa kusini?

Upepo wa ziwa ukishashika kuvuma kutoka kusini-magharibi alasiri, mashua za mashindano zinazoelekea Homa Bay hazina budi kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na manahodha nao hubishana: tushike katikati ya Ghuba ya Winam au tujibanze ufuo wa kusini?

Wa katikati wana hoja. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuhesabika, kwa hiyo mkondo huletwa hasa na upepo. Maji ya juu hufuata upepo kwa takriban asilimia 2 hadi 3 ya kasi yake. Upepo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) huzaa mkondo wa noti 0.2 hivi. Ukiukabili kwa saa mbili umepoteza kama mita 740. Maji yaliyosukumwa Kisumu hayana budi kurudi, na hurudia penye kina zaidi, yaani katikati, yakikusaidia kuukabili upepo.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Yanayorudi mara nyingi ni ya chini. Ya juu huweza kuendelea kufuata upepo hata katikati. Mashua nyepesi yenye ubao wa mita moja (ule unaoshushwa majini ili isisukumwe kando) hainufaiki sana, ilhali inapigwa na mawimbi mafupi, yaliyosimama wima kwa sababu ghuba ni ya kina kidogo. Kila wimbi linaisimamisha.

Ufuoni maji ni shwari zaidi, lakini kuna nyavu, na mdomo wa mto Nyando una matope na mafunjo. Gugumaji likinasa usukani, kaza moyo: legeza matanga, inua ubao, ng'oa mizizi kwa mkono, kisha shika upepo upya. Usilitumie kupimia mkondo. Majani yake ni tanga tosha, linakwenda na upepo.

Kipimo cha kweli ni chupa iliyojazwa maji hadi shingo tu ielee. Iachie kando ya mti wa nyavu uliochomekwa. Ikisogea mita 15 kwa sekunde 60, mkondo ni nusu noti. Pima pande zote mbili.

Kwa maoni yetu, saa ya kwanza ya upepo ni ya ufuoni kwa wote, maana mkondo haujakomaa. Ukishavuma saa kadhaa, mashua nzito yenye mkuku (uti wa chini wa mashua) ijaribu katikati. Nyepesi ibaki ilipo, hasa mawingu meusi yakianza kujikusanya upande wa Nandi.