Seneta aliyezomewa Houston, na shotgani ya babu

Juni 17, 2022, mjini Houston, seneta John Cornyn alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Republican cha jimbo la Texas, akazomewa mpaka anateremka. Waliomzomea hawakuwa wapinzani wake. Walikuwa watu wa nyumbani, chama kilichompeleka kwenye Seneti mwaka 2002, na miongoni mwao wamiliki wa bunduki ambao chama chao kikubwa, NRA, kilikuwa kimempa alama za juu kabisa kwa kuwatetea. Kosa lake lilikuwa kukaa meza moja na maseneta wa chama cha Democratic kuandika sheria ya silaha.

Kwetu msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai, na mwaka ule nilikuwa natunza hesabu za kampuni moja ya uwindaji hapa Arusha. Wiki mbili baada ya zile kelele, wageni wa Texas walianza kushuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na hasira walishuka nayo. Mzee mmoja mpole sana alikaa nasi ofisini Njiro jioni nzima akisubiri karatasi za bunduki zake mbili zikamilike, na hakutuuliza habari za nyati wala chui. Alimzungumzia Cornyn, vile mtu anavyomzungumzia ndugu aliyeuza shamba la ukoo bila kuwaita wenzake kwenye kikao.

Nilimsikiliza huku nikimfikiria baba mdogo wangu wa Kisongo, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili akifuatilia leseni ya shotgani ya marehemu babu. Tangu siku ile mambo hayo mawili yamekaa kichwani mwangu pamoja, na naona kila moja linalifafanua jingine.

Tuanze na lile la Texas. Mei 24, 2022, kijana wa miaka 18 aliingia shule ya msingi katika mji wa Uvalde, akaua watoto 19 na walimu wawili. Bunduki zake alizinunua dukani kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Uvalde iko Texas, jimbo la Cornyn. Mwezi mmoja baadaye, Juni 23, Seneti ilipitisha sheria aliyoiandika pamoja na wenzake, akiwemo Chris Murphy, seneta wa Democratic kutoka Connecticut, kwa kura 65 dhidi ya 33. Maseneta 15 wa Republican waliiunga mkono. Siku mbili baadaye Rais Biden akaitia saini.

Ukiisoma sheria yenyewe, haikupiga marufuku bunduki ya aina yoyote. Mnunuzi aliye chini ya miaka 21 sasa anachunguzwa zaidi, kumbukumbu zake za utotoni zikiwemo, na uchunguzi unaweza kuchukua mpaka siku 10 za kazi badala ya tatu za kawaida. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mpenzi wake anazuiwa kumiliki silaha hata kama hawakuwa wameoana. Kukawa na fedha nyingi za afya ya akili, na dola milioni 750 za kuyasaidia majimbo kuendesha mipango ya kuzuia maafa kabla hayajatokea. Humo ndani ndimo palipochoma wengi: majimbo yanayotaka yanaweza kuzitumia fedha hizo kwa zile amri za mahakama za kumwondolea mtu silaha kwa muda, pale ndugu au polisi wanapoeleza kwamba mtu huyo ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine.

Yule mzee wa Njiro alikuwa na hoja, na hoja yake sikuipuuza. Kwao kumiliki silaha ni haki iliyoandikwa kwenye katiba tangu mwaka 1791. Haiombwi. Amri ile ya muda inaweza kutolewa mwanzoni bila mwenye silaha kuwepo mahakamani. Polisi wanafika mlangoni na yeye ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna aliyemshtaki. Hajaua, hajaiba, hajatiwa hatiani. Kwa mtu aliyeishi miaka 70 bila doa, hilo ni tusi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyelileta ni mtu wake mwenyewe. Angelileta Murphy peke yake, asingeshangaa.

Lakini Cornyn naye si mtu aliyegeuka ghafla. Novemba 2017, katika kanisa la Sutherland Springs, hukohuko Texas, watu 26 waliuawa kwa risasi. Muuaji alikuwa ameshatiwa hatiani jeshini kwa kumpiga mkewe na mtoto, na kwa sheria iliyokuwepo tayari hakustahili kuuziwa silaha. Aliuziwa kwa sababu Jeshi la Anga halikupeleka taarifa yake kwenye mfumo wa taifa wa kuchunguza wanunuzi. Sheria ilikuwepo, karatasi haikufika. Cornyn na huyohuyo Murphy wakatunga sheria ya kuzibana taasisi zipeleke kumbukumbu, ikaanza kutumika Machi 2018. Ukiitazama ile ya 2022 kwa jicho hilo, unaona mtu aliyeendelea na kazi ileile: kuhakikisha asiyestahili hapati, bila kumgusa anayestahili. Hata kwenye zile fedha za majimbo waliandika masharti kwamba mtu asikilizwe, awe na wakili, ushahidi upimwe. Na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo kwa sasa inaegemea upande wa wamiliki, iliamua kwa majaji wanane dhidi ya mmoja kwamba mtu ambaye mahakama imeona ni tishio kwa mwenza wake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Kesi yenyewe ilitoka Texas.

Kwa hiyo kwenye suala la Cornyn mimi niko upande wake, na ningemwambia yule mzee hivyo kama nafasi yangu pale ofisini ingeniruhusu. Mbunge hatumwi na wenye bunduki peke yao. Wazazi wa Uvalde nao walikuwa wapiga kura wake.

Sasa nirudi Kisongo, maana huku ndiko ninakokufahamu.

Kwetu hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki silaha. Katiba ya 1977 haiitaji. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inaichukulia leseni kama ruhusa: unaomba, unaeleza sababu, na maombi yanapanda kutoka serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kamati za ulinzi na usalama na ofisi za polisi za wilaya na mkoa, hadi kwa msajili. Kijana wa miaka 18 hawezi hata kuanza. Siku ileile Seneti ilipopiga kura, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya New York iliyomtaka raia athibitishe hitaji la pekee ndipo aruhusiwe kutembea na bastola. Kilichofutwa kule ndicho msingi wa utaratibu wetu huku. Na mimi naukubali msingi huo. Mtu anayetaka chombo cha kuua, aeleze cha nini.

Nchi hii haihitaji kufundishwa kwa nini. Agosti 2013 mfanyabiashara wa tanzanite aliuawa kwa risasi mchana kweupe wilayani Hai, si mbali na KIA, kwa bunduki ya kivita ambayo hakuna kamati ya kijiji ingeipitisha. Mwishoni mwa Mei 2022, siku chache tu baada ya Uvalde, Mwanza ililia mwanamke aliyepigwa risasi na mumewe nyumbani. Matukio haya mawili yanavuta pande mbili tofauti. La kwanza linampa nguvu mwenye leseni anayesema: jambazi haombi kibali, mnanibana mimi niliyejiandikisha. La pili linamjibu kwamba hatari nyingine haitoki porini wala barabarani. Inalala chumba kimoja na bastola.

Babu alikuwa na shotgani yake kwa leseni miaka mingi. Mwaka 2016 serikali ilipoamuru silaha zote zihakikiwe, aliipeleka mwenyewe, akiwa mzee wa fimbo, akasimama foleni na kitabu chake cha leseni mkononi. Alipofariki, silaha ikakabidhiwa polisi kama inavyotakiwa, kwa sababu leseni hairithiwi kama ng'ombe. Anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Baba mdogo akaomba. Ni mfanyabiashara wa mifugo, ananunua mnada wa Meserani na kuwauzia wenye mabucha mjini, na miaka ile alikuwa anarudi na fedha mfukoni barabara yote mpaka Kisongo. Sababu ilikuwepo.

Akaenda kijijini. Akaenda kata. Wilayani aliambiwa faili limepanda, mkoani akaambiwa halijafika. Alichukuliwa alama za vidole mara mbili. Mwaka wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Wenzake wanne au watano wa mnadani walikuwa na hadithi kama yake, na siku mbunge alipokuja kwenye mkutano wa hadhara, baba mdogo alisimama akauliza, kwa heshima, mheshimiwa utatusaidiaje sisi tunaofuata sheria. Mbunge alijibu kwamba hawezi kuingilia kazi ya vyombo vya ulinzi, na kwamba yeye binafsi angependa silaha mikononi mwa raia zipungue. Akaulizwa habari ya maji, mkutano ukaendelea.

Baba mdogo na wenzake wa mnadani waliondoka wakisema wamesalitiwa. Neno ni lilelile la Texas, lakini sidhani jambo ni lilelile. Cornyn alizomewa kwa sababu alifanya kitu: aliandika vifungu ambavyo adui na rafiki wanaweza kuvisoma na kuvipinga. Mbunge wetu hakuandika chochote. Msimamo wake wa kutaka silaha zipungue mimi naweza kuutetea mbele ya mtu yeyote, na sehemu ya kwanza ya jibu lake ni sahihi pia, maana siku mbunge atakapoanza kupiga simu kuharakisha leseni za watu wake, leseni zitakuwa za wenye namba yake ya simu. Lakini swali la baba mdogo halikuwa kuombewa upendeleo. Alitaka kujua utaratibu una mwisho wapi. Hilo ni swali la kutunga sheria, na kutunga sheria ndiyo kazi iliyompeleka Dodoma. Angeweza kudai kanuni iseme faili lisikae kila ngazi zaidi ya siku kadhaa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Hayo hayaongezi bunduki hata moja mtaani.

Nina jambo la kusema ambalo nyumbani sijalisema kwa sauti. Jibu la baba mdogo lilikuja mwaka 2023, kwa simu: maombi hayakukubaliwa. Basi. Yeye anaamini mpaka leo kwamba alikosa kwa kuwa hana mtu, na wa mnadani wote wanaamini hivyo. Mimi nakumbuka mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani yetu, miaka michache kabla. Nakumbuka baba mdogo alitoka ndani na panga, na wazee walimkamata mikono, watatu. Alikuwa na hasira ya siku moja, na jirani yule leo wanasalimiana. Lakini mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo siku ile. Wajumbe wawili walikuwepo. Kama mmoja wao alilisema kwenye kikao cha kujadili maombi, alifanya alichotakiwa kufanya. Ndiyo maana maombi yanaanzia kwa watu wanaomfahamu mwombaji kwa sura na tabia. Ningekuwa mjumbe, huenda na mimi ningesita.

Na hapo ndipo namkumbuka yule mzee wa Njiro, na kulielewa fungu moja la hasira yake ambalo jioni ile sikulielewa. Alisema anaweza kuvumilia kuchunguzwa, asichovumilia ni kuamuliwa akiwa hayupo. Baba mdogo aliamuliwa akiwa hayupo. Tofauti ni kwamba kule, amri ya kwanza ikishatolewa, mtu hupangiwa tarehe ya kusimama mbele ya jaji, akasoma alichotuhumiwa, akaleta mashahidi wake. Jirani yule angeweza kuja kusema yameisha. Au angesema hayajaisha, na baba mdogo angeyasikia kwa masikio yake.

Siku hizi malipo mengi ya mifugo yanapita kwenye simu, naye harudi tena na fedha nyingi mfukoni. Haja ya shotgani imepungua yenyewe. Lakini kila uchaguzi ukifika, mbunge yule akitajwa, baba mdogo huinuka akatoka nje, na hakuna karatasi hata moja ninayoweza kumwekea mezani nikamwambia soma, sababu yako ni hii.