Halati, shurba nayo ni ngano

Ramadhani imekwisha, Idi imepita, sita za Shawali nimeshafunga, na bado moyo haujapoa. Basi leo naandika. Atakayekasirika na akasirike.

Tulialikwa futari kwa halati yangu, dada wa mama, huku Langoni, Lamu. Nilikwenda na bakuli langu la mfuniko kama ninavyokwenda nalo kila mahali: wali wa nazi, samaki wa kupaka, chakula cha mwanangu. Hakuna mtu katika ukoo wetu asiyejua habari hii, mwaka wa tatu sasa. Mwanangu ana miaka saba na hali ngano. Si kwamba haipendi. Ngano anaipenda kama mtoto yeyote wa Lamu aliyeanza kula mahamri kabla hajaota magego. Hali, kwa sababu akila inamla.

Nikaingia chumba cha ndani kuswali Magharibi. Kutoka, namkuta mwanangu kwenye mkeka, bakuli jeupe mbele yake limebaki mafuta matupu, na halati anamtazama kwa raha ya mtu aliyetenda thawabu.

"Alikuwa akiitamani, maskini. Na wala si mkate, ni shurba tu. Nimemtilia kidogo."

Shurba ya ngano. Ngano aliyoitwanga yeye mwenyewe, akairoweka, akaipika na nyama ya mbuzi mpaka ikavurugika. Nikamwambia, taratibu kwa sababu ni halati yangu, "Halati, shurba nayo ni ngano."

"Najua ni ngano, mwanangu. Kwani mimi ni mtoto? Lakini si mkate."

Saa nne za usiku mtoto alianza kushika tumbo. Saa sita akatapika. Daku ya siku ile sikuila, nilikuwa chooni nimemshika kichwa. Siku tatu hakwenda chuo cha Kurani, na siku ya nne alipokwenda alikuwa na uso wa rangi ya chokaa.

Sasa tuzungumze kuhusu hili neno "kidogo". Kidogo tu. Kidogo hakidhuru. Muonjeshe kidogo. Nimelisikia kwa shangazi, kwa majirani, kwa mwalimu, kwa muuza sambusa pale Mkunguni, kwa mtu mzima mwenye ndevu na digrii. Wote wanalisema kwa upole uleule, kama wananifungulia mlango ambao mimi kwa ukaidi wangu nimeukomea. Na kila mmoja anafikiri yeye ndiye wa kwanza kulifikiria.

Nitasema mara moja, kisha sitarudia. Ugonjwa huu unaitwa seliaki. Mwili wa mwanangu ukikutana na gluteni, ile kitu inayofanya donge la chapati livutike, unaichukulia kama adui, na katika kupigana naye unajipiga wenyewe ndani ya utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vya utumbo vinavyonyonya chakula vinalala, vinakwisha, panabaki kama zulia lililoliwa na nondo. Mtoto anakula na hashibi, anakula na hakui. Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka ya Ulaya, ndugu wa ngano) maisha yake yote. Wataalamu wamewahi kupima hicho kidogo mnachokipenda: miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, zilitosha kuudhuru utumbo. Slesi moja ya mkate wa boflo ina zaidi ya gramu mbili. Hebu igaweni slesi hiyo vipande arobaini mnionyeshe kipande kimoja. Ni chembe zile mnazozikung'uta kwenye kanga mkishanyanyuka.

Kwa hivyo hakuna kidogo. Kwa mtoto huyu kidogo ndiyo yote.

Na msiniambie ni maradhi ya juzi yaliyoletwa na intaneti. Uholanzi, mwishoni mwa vita vikuu vya pili, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, palikuwa na njaa iliyoua maelfu ya watu. Mkate ulikuwa adimu mno. Daktari mmoja wa watoto, Willem Dicke, ambaye tangu zamani alikuwa akiishuku ngano, aliona ajabu: wakati watoto wengine wanadhoofika, wagonjwa wake wa seliaki walikuwa wanapata nafuu. Mkate uliporudi, na kila mtu akashukuru, wao wakarudi kuumwa. Mimi habari hii niliposimuliwa nililia. Nilikuwa nimeshamlisha mwanangu ngano kwa miaka minne, kwa mkono wangu, na kila alipokonda namwongezea.

Maana mwanzo wenyewe tulipita njia zote. Tumbo limevimba kama dafu, miguu kama vijiti vya mshikaki. Dawa ya minyoo akanywa mara sijui ngapi. Kombe akanywa, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, sahani tatu. Wakasema ana jicho, wakasema mama yake hajui kulisha. Jirani mmoja, Mungu amlipe kwa nia yake, akawa ananiletea talbina kila asubuhi kwa sababu ni sunna na inamtuliza mgonjwa. Talbina ni uji wa shayiri. Sunna haina kosa lolote, mimi ndiye sikujua nilichokuwa nacho nyumbani. Kwenye hospitali moja tuliambiwa upungufu wa damu, tukapewa madini, tukarudishwa nyumbani. Ni Mombasa ndipo daktari kijana alipotazama lile tumbo akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Anakula nini hasa, mama, tangu asubuhi?" Nikamhesabia: mahamri, chapati, tambi, boflo na chai. Akaandika vipimo vya damu palepale. Baadaye wakampitishia kamera kooni, na mjadala ukaisha.

Sawa, kuna la kukubali, na nitalikubali ingawa linanikera. Mji wetu unakula sinia moja. Mtoto anayekaa pembeni na bakuli lake ni kama mtoto aliyegombezwa, na mama anayemzuia asiingize mkono siniani ni kama anawaambia wenzake nyinyi wachafu. Najua. Nimelelewa hapa, nimelishwa matonge na mikono ambayo hata majina ya wenyewe siyajui. Halati alipomtilia shurba ile alikuwa anamwingiza mtoto kundini. Lakini mimi ndiye niliyeshika kichwa usiku.

Na kuna kundi jingine, hawa nao nina hamu nao. "Mambo ya kizungu hayo. Chakula maalumu. Wewe una pesa." Pesa! Niliwahi kuuona mkate usio na gluteni kwenye supamaketi ya Mombasa. Mgumu, mdogo, na kwa bei yake ningepata samaki wa siku mbili. Niliurudisha rafuni kwa heshima. Kisha nikakaa kwenye boti ya kutoka Mokowe, mkoba mapajani, nikaanza kuhesabu kwa vidole anachoweza kula mwanangu. Wali wa nazi. Vitumbua. Vibibi. Mkate wa sinia. Muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi za kupika. Mbaazi, kunde, pojo. Samaki wa kila namna. Kashata. Bajia za kunde. Vidole vikaisha kabla boti haijafunga gatini. Ngano ni mgeni aliyejaa nyumba nzima mpaka wenyeji tunalala barazani. Wazungu wanalipa pesa nyingi kutafuta unga wa mchele, na sisi bibi zetu walikuwa wanauroweka usiku bila kumwambia mtu.

Ila nyumba yangu haina mgonjwa mmoja. Mavyaa anakaa nasi na ana sukari. Mume wangu ana presha, chumvi kwake ni ya kuhesabu (huyu simpikii mbali, wote tunakula chumvi kidogo na aliyeona haikolei ndimu iko mezani). Tatizo ni mavyaa na mjukuu wake. Kile kinachomponya mtoto, wali na vitumbua na mkate wa sinia, ndicho kinachompandisha bibi sukari. Nilikuwa na masufuria manne kwenye majiko mawili, na nikilala naota masufuria.

Aliyenitoa ni mavyaa mwenyewe. Jioni moja ananitazama ninavyohangaika, akasema, "Mbona hupiki mofa?" Mofa! Mkate wa mtama. Mara ya mwisho kuula nilikuwa mdogo sijui kufunga leso. Mtama hauna gluteni, na kwa mavyaa kipande kimoja na kunde na mchicha kinamkalia vizuri kuliko mlima wa wali mweupe. Si kwamba mtama hauna wanga, unao, na bado tunampima. Lakini ni mkate mmoja, sufuria moja, watu wawili.

Wa kwanza ulivunjika kama lipu ya ukuta wa zamani. Wa pili nikautilia maji mengi, ukanata. Mavyaa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hapiki, anatoa amri: unga wa mtama umwagie maji ya moto, si ya uvuguvugu, ukande ungali unaunguza vidole. Donge lisivutike, usilingoje livutike, hili si la ngano. Liache likae. Kisha ulibonyeze kwa viganja vilivyolowa maji, duara nene kiasi cha kidole. Tanuri la udongo sina, natumia kikaango kizito na moto wa makaa wa chini, na kifuniko juu chenye makaa machache, kama unavyopalia mkate wa sinia. Ukianza kutoa harufu ya mahindi yanayochomwa, geuza. Wa tatu ulitoka mzima. Mavyaa akaumega, akautafuna kwa meno yake aliyobakiwa nayo, akasema, "Chumvi hamna." Hiyo kwake ni sifa.

Wiki mbili baadaye mtoto akaumwa.

Nilikasirika na ukoo mzima. Nilihoji kila mtu kama askari: nani amempa nini, nani? Hakuna. Kumbe ni mimi. Mtama nilikuwa napeleka kwenye mashine ya kusaga, na kwenye mashine ileile kabla yangu mama mmoja alikuwa amesagisha unga wa uji: mahindi, wimbi, soya na ngano. Nikasimama pale siku iliyofuata nikaangalia vizuri. Unga wa mtu aliyetangulia ndio unaotoka mwanzo wa unga wako. Kila mtu anajua hivyo, ndiyo maana tunagombania foleni tusisagiwe nyuma ya wimbi unga ukawa mwekundu. Nilikuwa najua kwa rangi, sikuwa nimejua kwa maradhi. Siku hizi mtama natwanga kinuni, nachekecha, natwanga tena. Mchele wa vitumbua unarowekwa usiku na kusagwa kwa blenda ambayo haijawahi kuona kitu kingine. Kikaango chake kimefungwa utepe mwekundu. Mafuta yaliyokaanga sambusa hayakaangi bajia zake. Bizari nasaga mwenyewe, kwa sababu za pakiti sijui zimechanganywa na nini.

Inachosha, ndiyo. Aliyesema kupika ni mapenzi hakuwa na blenda mbili.

Basi nami nilimdhuru mwanangu kwa kutojua, tena baada ya kujua. Kwa hivyo halati sikumgombeza. Nilimwambia tu, siku ile ya nne baada ya shurba, alipokuja kumwona mtoto: "Halati, akitaka kitu nyumbani kwako, mpe ndizi. Mpe ndizi tatu. Usimpe kidogo cha kitu chochote." Akanyamaza. Akavaa viatu. Idi hakuja kwetu, na sisi tulipokwenda kwake tuliambiwa amelala. Saa nne asubuhi ya Idi, amelala.

Mama yangu anasema niende nikamwangukie. Kwa kosa gani? Lakini pia ni halati, na mikono yake ndiyo iliyonisuka nywele siku ya harusi yangu.

Leo, kabla sijaanza kuandika haya, mjukuu wake amekuja mbio na sahani imefunikwa kawa. Vitumbua kumi na viwili, vya moto, iliki inanukia mpaka ngazini. Kijana katumwa na maneno na ameyahifadhi kama sura: "Bibi asema mchele ameusaga kwa blenda mpya, haikuguswa na kitu. Asema hana kinyongo."

Nikamwuliza, "Na kikaango?"

"Kikaango kipi?"

"Alichopikia. Ni kile cha kila siku au kingine?"

Hajui. Nimemrudisha akaulize. Mwanangu amekaa mbele ya sahani, mikono mapajani, hajagusa hata kawa. Ananiuliza kila dakika kama kijana amefika Mkunguni, kama amefika kwa bibi, kama sasa anarudi.