Chetezo kipakwe glezi, chungu kiachwe

Niseme mapema: glezi, yaani mipako ya kioo ya vyombo vya udongo, zinazobadilika motoni nazipenda mno. Unapaka kitu cha kijivu kama uji wa chokaa, kinatoka tanurini kijani kwenye mifereji na kahawia kwenye kingo. Ule ni unga wa kioo uliotiwa madini ya shaba, chuma au kobalti. Ukiyeyuka unateremka: kwenye kingo unabaki mwembamba hadi udongo unaonekana, kwenye mfereji unajaa na rangi inakoza. Ukipaka mbili, moja juu ya nyingine, zinaingiliana na kutoa rangi ambayo haikuwamo katika kopo lolote.

Ugomvi wangu ni pale tunapoipaka. Chungu cha mchuzi hakina haja nayo, na bakuli la achari ndilo lisiloitaka kabisa. Ndimu, siki na ukwaju huweza kuivuta shaba kutoka kwenye glezi isiyokaa sawa, ikaingia kwenye chakula. Glezi yenye madini ya risasi ndiyo usiisogeze jikoni hata kwa mapambo. Tena chombo kilichochomwa kwa moto mdogo hubaki na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana ndani ya udongo. Glezi ikipasuka nyufa, mchuzi unapenya ndani na kuchachia humo.

Chetezo ni habari nyingine. Hakitiwi chakula. Halafu wafinyanzi wetu wanajua kuchora, na glezi hizi huishi kwa mchoro. Vigae vya vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10 vilivyofukuliwa Unguja Ukuu na Tumbe, Pemba, vina pembetatu zilizochanjwa udongo ukiwa bado mbichi. Unguja Ukuu hiyohiyo vimetoka vipande vya mitungi yenye glezi ya rangi ya feruzi iliyoletwa kutoka pande za Ghuba ya Uajemi. Feruzi ile ni shaba ndani ya glezi ya magadi. Shaba hiyohiyo kwenye glezi ya risasi ingetoa kijani. Mfinyanzi wa hapa alichanja, hakupaka. Mimi nataka kuona glezi ikituama ndani ya pembetatu hizo, badala ya kumwagwa juu ya chombo kitupu ili ifiche kwamba hakikuchorwa kitu.

Ipakwe nje, mguuni na tumboni. Kikombe cha kutilia makaa kiachwe kitupu, maana makaa yakikutana na glezi itapasuka. Kitako nacho kifutwe kwa sponji, ama sivyo kitagandana na rafu ya tanuri.

Shida ni moto. Makuti na vifuu uwanjani kwa kawaida havifiki nyuzi 900, na nyingi ya glezi hizi zinataka 1,000 na ushei. Sisemi watu waache kuchoma uwanjani. Mchomo wa kwanza, wa udongo mtupu, ubaki hukohuko, tanuri lifanye wa pili, wa glezi. Ila moto upandishwe polepole, kwa sababu udongo ulioiva nusu hutoa gesi na kuiachia glezi vitundu.

Kununua tanuri la umeme peke yako ni wazimu, na umeme wenyewe una bei. Kikundi kikichangia tanuri moja dogo na kulijaza kila linapowashwa, hesabu inakubali. Lakini chetezo hicho kisiuzwe bei ya kile cha kawaida cha sokoni. Kipelekwe kwa wanaopamba vyumba vya maharusi. Huko watu hawabishani sana kuhusu bei ya chombo cha udi.