Nilidhani Ni Umeme

Naona stika imeshafika Tanga. Shangazi yangu, mama wa watu ambaye simu yake kazi yake ni kupokea mawaidha ya Ijumaa, kanitumia mimi mwenyewe picha yangu mwenyewe. Nimelala chini, macho nimefumba, nimekumbatia mguu wa mtu kama mtoto asiyetaka kwenda shule, na chini yake maandishi ya njano: NILIDHANI NI UMEME. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu si wewe huyu?"

Ni mimi, shangazi. Shikamoo.

Sasa kwa kuwa Mudi ameshasambaza hadithi yake, ambayo ndani yake yeye ni shujaa na mimi ni kichaa aliyefunguliwa kamba, naomba na mimi nisikilizwe. Ni Jumatano leo, jambo lenyewe la Jumamosi, nyonga bado inauma na naandika nimekaa upande.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba mimi ni kiziwi. Wageni, karibuni: homa ya uti wa mgongo ilinipitia nikiwa darasa la nne, ikabeba masikio yote mawili, na kwa kuwa haikuwa na haraka ikabeba na mizani ya mwili. Hili la mizani wengi hamlijui. Ndani ya sikio ndimo kinamokaa kile kinachokwambia juu ni wapi na chini ni wapi. Kikifa, unasimama kwa msaada wa macho. Mchana natembea kama nyinyi tu. Usiku, kwenye uchochoro usio na taa, natembea kama mtu aliyetoka kilabuni, na kuna jirani alishakwenda kunisemea kwa mama. Hapo kwenye mizani wekeni kidole, tutaparudia.

Karate nilianza mwaka jana, na wa kulaumiwa ni Matt Hamill. Huyu ni Mmarekani, kiziwi wa kuzaliwa, alikuwa akipigana kule kwenye kizimba cha UFC, mashindano ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Desemba 2009 alipambana na Jon Jones. Fungua rekodi ya Jones mpaka leo: kapoteza pambano moja tu, na aliyeandikwa kumshinda ni kiziwi mwenzangu. (Najua, najua. Jones aliondolewa kwa kupiga viwiko haramu, na Hamill wakati huo alikuwa chini anapondwa. Msinijazie maoni. Kwenye karatasi imeandikwa nini?) Basi mimi na kitambi changu cha miaka thelathini na moja tukaenda kununua gi, yale mavazi meupe ya karate.

Miezi ya kwanza tabu ilikuwa kuhesabu, maana karate inahesabiwa kwa Kijapani. Wenzangu wanasikia, mimi nasoma midomo, na midomo yangu mimi ni ya Kiswahili. Sensei anasema "ichi," napiga ngumi. Anasema "ni," nasubiri. Ni nini? Ni nani? Malizia sentensi, mwalimu! Wenzangu wako ngumi ya tano, mimi bado nasubiri kuambiwa ni nini. Halafu tazameni kwenye kioo mseme "ichi", "shichi" na "hachi" bila sauti, mnambie ipi ni moja, ipi saba na ipi nane. Darasa zima limemaliza, mimi naanza upya kwa moyo mkunjufu.

Sensei ni mtu muungwana. Aliniita pembeni, akajifunza alama tatu: "tena", "siyo" na "kunywa maji". Kwa karate zinatosha. Kuhesabu akawa anahesabu kwa mguu. Tunapofanyia mazoezi pana sakafu ya mbao, akikanyaga mara moja naipata kwenye unyayo, inapanda mpaka gotini. Yame, yaani simama, ni mikanyago miwili ya nguvu. Tukaenda hivyo mwaka mzima, nikawa nasimama upesi kuliko hata wanaosikia.

Mtihani wa mkanda sasa. Ukawekwa Jumamosi baada ya magharibi, kwa kuwa nusu yetu ni watu wa kazi, na mahali ikawa ukumbi wa kukodi, ule wa harusi, maana anakuja mtahini kutoka nje ya mkoa, mzee mwenye mkanda mweusi uliochakaa hadi ukarudi kuwa mweupe. Ukumbi una vigae juu ya zege, na juu ya vigae tumetandika sponji. Sensei akakanyaga kujaribu. Sikupata kitu. Akakanyaga tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ni kama kuzungumza na ukuta.

Hapa ndipo nilipojiponza kwa ujuaji. Nikatoa simu, nikamwandikia Sensei kwamba viziwi tuna michezo yetu ya dunia, Deaflympics, ilianza Paris mwaka 1924, na karate, judo na taekwondo ziliingia 2009 kule Taipei. Nikamwandikia kwamba mle hata vifaa vya kusikia unavivua usipate cha ziada, na kwamba kwenye riadha mkimbiaji haanzi kwa mlio wa bastola, anaanza kwa taa. Taa, Sensei! Akasoma, akanitazama, akatazama juu darini. Akamwita Mudi.

Mudi anasikia, ila tumekulia nyumba moja ya kupanga na anaongea kwa alama kuliko viziwi wengine ninaowajua. Akapewa kiti kando ya swichi. Makubaliano: Sensei akisema yame, Mudi anazima taa na kuwasha. Rahisi. Mtoto anaelewa.

Jamani, mlioishi mjini hapa, mmeshaona tatizo?

La kwanza, taa zenyewe zilikuwa zile ndefu za tyubu, ambazo ukiziwasha zinakonyeza mara tatu nne kabla ya kuamua. La pili silisemi. Mnalijua. Lilikuwa na wiki nzima linakuja na kuondoka mtaa ule.

Nikapangwa na Konda. Ni konda kweli wa daladala, mwembamba, na kijana anayeshinda mguu mmoja mlangoni tangu Mbagala hadi mjini mizani anayo ya kugawa. Tukainamiana, Sensei akashusha mkono, hajime, yaani anza.

Sekunde kumi hivi, taa zikakonyeza. Mimi ni mtu wa nidhamu. Nikasimama, nikashusha mikono, nikainama vizuri, mgongo umenyooka, macho chini, kama tulivyofundishwa. Mawashi geri ya Konda, lile teke la kuzungusha, wakati huo ilikuwa imeshatoka nyumbani. Ikanikuta njiani, ikatua sikio la kushoto. Bahati nzuri sikio lile lilishastaafu.

Nainuka, Konda kashika mdomo, Sensei ananipa "siyo, siyo", na kule kwenye swichi Mudi kanyoosha mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, halafu ananiambia kwa alama kutoka upande wa pili wa ukumbi: UMEME. SI MIMI. UMEME.

Sawa. Tukarudi. Taa zikakonyeza tena, nikageuka kumtazama Mudi, na kwa kugeuka huko nikala ngumi ya kifua. UMEME, anasema Mudi. Mkono wake mmoja una mfuko wa karanga, hata swichi hajaigusa.

Ndipo akili ikanijia. Nikajiambia: wewe ni mtu mzima, huwezi kupigwa kila mkoa unapokosa umeme. Kuanzia sasa taa zikonyeze, zicheze, zitambe. Mimi napiga.

Haya. Sogeeni karibu, niieleze polepole, maana hapa ndipo Mudi anapodanganya.

Konda alikuwa amechoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka, na kati ya kiwiko na nyonga pakafunguka nafasi kubwa kama sahani ya chipsi. Mwaka mzima sijawahi kuonyeshwa nafasi kama ile. Nikainua goti. Taa zikakonyeza. Mimi: umeme. Konda akashusha mikono yote miwili. Mimi: ahaa, na yeye kaingia mkenge! Konda akaanza kuinama. Mimi moyoni raha tele, nasema deni la sikio linalipwa leo leo. Nikafungua mdomo kutoa kiai, ule ukelele wa kutoka tumboni. Sijui kiai changu kinasikikaje. Mudi anasema ni mbuzi aliyekanyagwa na bodaboda.

Na mguu nikauachia.

Mguu ukiwa hewani nikaona kitu cheupe kinaingia kutoka kulia. Naikumbuka ile gi ilivyopigwa pasi, mstari umesimama. Nakumbuka ncha ya mkanda mweusi ikipepea, ina jina limetariziwa kwa uzi wa dhahabu, na nililisoma lile jina, herufi kwa herufi, nilikuwa na muda. Sensei alikuwa ameshatangaza yame. Mudi alikuwa amezima na kuwasha, kazi yake kaifanya sawasawa, mara moja tu usiku mzima, na ndiyo hiyo. Sensei akaingia katikati kututenganisha, uso kwa Konda, mgongo kwangu, mkono kaunyoosha kama trafiki. Nikajaribu kuurudisha mguu. Mguu ukishatoka ni daladala iliyojaa, hausimami kituoni.

Unyayo ukatua. Umeme nao ukakatika, safari hii kweli, ukumbi mzima, mtaa mzima.

Giza. Ndugu zangu mnaosikia, nyinyi gizani mnabaki na kitu: mnaitana, mnacheka, mnauliza nani kakanyaga mguu wangu. Mimi zikizima, nimezimwa na mimi. Nilichobaki nacho ni unyayo wa kulia, na ule unyayo ulikuwa unanipa taarifa ambayo sikuitaka. Nilichopiga ni laini. Ni kikubwa. Kina starehe. Na Konda hana sehemu ya namna hiyo mwili mzima, Konda ni mifupa na nauli.

Haya, ile mizani. Mguu mmoja juu, macho hayaoni, na ndani ya masikio hakuna mwenyewe. Sikuanguka mara moja; nadhani nilizunguka kwanza. Kisha sponji ikanifuata, nyonga ikafika mbele yangu, nikadaka nilichodaka, nikakishika kwa nguvu zote za mtu anayezama.

Nikalala pale. Kwenye sponji nahisi vishindo vingi. Watu wanakimbia? Wanapigana? Wanacheka? Vyote kwa sponji ni kishindo kimoja. Nikaona niombe radhi haraka kabla mambo hayajawa makubwa. Mkono mmoja nimeshikilia, na hata mingekuwa huru yote miwili, alama za gizani anazisoma nani? Ikabidi nitumie sauti. Sauti yangu naitumia kwa mama na kwa muuza chapati, siijui ukubwa wake. Mudi anasema ukumbi ulikuwa umetulia kimya kama makaburini, mtahini kasimama, watu wanasubiri kusikia kama Sensei anapumua, na ndipo kutoka sakafuni, kuelekea meza kuu ya bwana na bibi harusi ambako hapakuwa na mtu, ikatoka sauti ya mnadani:

"SAMAHANI MWALIMU! NILIDHANI NI UMEME!"

Na umeme haupo.

Tochi ya simu ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya kumi. Zote zikanimulika mimi, na mimi nikafumba macho kwa mwanga, na hiyo ndiyo picha mnayotumiana. Mguu niliokumbatia ni wa Sensei. Yeye mwenyewe yuko magoti na viganja, anatazama mbele kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayesubiri basi.

Mengine mafupi. Umeme ulirudi watu wameshaondoka nusu. Mtahini alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mkanda wake, kisha akaandika kwenye simu yangu kwamba mwaka huu hajaona mae geri, teke la mbele, iliyonyooka vile. Mkanda wa njano nimepewa. Sensei nilimpelekea matunda Jumapili, akayapokea amesimama, na chai tukanywa tumesimama wote wawili. Konda anadai nauli. Nikimuuliza Mudi kwa nini alirekodi badala ya kuja kuniinua, anasema alikuwa ananimulika.

Lililobaki ni la jina. Kwetu viziwi kila mtu ana jina lake la alama, na hujipi mwenyewe, unapewa na wenzako. Langu lilikuwa zuri: kidole cha shahada kikizunguka shavuni, kwa ajili ya kishimo changu. Nimekaa nalo miaka ishirini, limenipatia hata mchumba mmoja.

Jana nimeshuka Kariakoo kununua bandeji. Ng'ambo ya barabara, kati ya mikokoteni, kijana mmoja ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu akanikazia macho. Akainua mkono juu ya kichwa, vidole kavikusanya pamoja: akavifungua, akavifunga, akavifungua, akavifunga. Halafu akainama, mgongo umenyooka, macho chini.

Nikaitika.